Mto Ndani ya Beseni

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshazoea simu, palikuwa na bonde lenye mto mkorofi. Kiangazi ulikuwa mpole kama mtoto aliyeshiba. Masika ulikuja bila hodi.

Kwa sababu ya mto huo, Fundi Tembo alijenga seva. Mnaniuliza seva ni nini? Ni mashine inayokaa mahali pamoja na kumjibu kila anayeiuliza. Aliiweka katika kibanda juu ya kilima, akavuta waya mpaka kwenye nguzo ya kupimia maji iliyosimama ukingoni mwa mto. Mnyama akitaka habari, anaandika kwenye simu yake: "Mto ukoje?" Seva inajibu, ting! "Salama." Na maji yakiwa ya hatari, seva yenyewe inapiga king'ora, wiuuu! wiuuu! Bonde zima linakimbilia kilimani.

Chini kabisa bondeni aliishi Bibi Kobe. Alikuwa amelea watoto wa kila mtu. Digidigi alilelewa naye tangu alipofiwa na mama yake. Hata Tembo alilelewa hapo, mama yake alipokwenda mbali kutafuta malisho. Ndiyo, Tembo aliwahi kuwa mdogo, acheni kucheka.

Bibi Kobe hakutaka kuhama nyumba yake. Akipewa habari mapema, alifika kilimani kwa miguu yake mwenyewe. Akichelewa kupewa, basi tena.

Masika yaliyopita Digidigi alimpelekea Bibi kunde. Lo! Alikuta maji yamejaa ndani, mkeka unaelea, na Bibi amepanda juu ya kinu, simu mkononi.

"Bibi! Kwa nini hukuondoka?"

"Niliiuliza seva, mjukuu wangu. Ikaniambia salama. Nami nikaamini."

Digidigi alimburuta mpaka mahali pakavu, analia njia nzima. Tangu siku hiyo kila wingu jeusi lilimtia homa. Na sasa masika mengine yalikuwa yanakaribia.

Akapanda kilimani. Tembo alikuwa anafuta vumbi juu ya seva kwa mkonga, na Mzee Kiboko, mwenyekiti wa bonde, amejilaza kivulini.

"Hodi! Shikamoo Mjomba Tembo! Shikamoo Mzee Kiboko!"

"Marahaba, kijiguu," akasema Tembo. "Unataka nini?"

"Nataka kuijaribu seva, Mjomba. Masika yaliyopita ilisema salama na Bibi Kobe alikuwa juu ya kinu."

"Bibi ni mzee. Labda aliota."

"Na mkeka ulioelea, nao uliota?"

Kiboko akacheka, kwa kwa kwa! "Maji kuingia ndani ni hatari? Kwangu huingia kila siku, na ninalala fofofo!"

"Seva yangu haijaribiwi," akasema Tembo, masikio yamemsimama. "Programu yake inashuka yenyewe mpaka mtoni, inauliza yenyewe, inapiga king'ora yenyewe. Kila kitu nimekifunga humo ndani kwa mkono wangu, haingii hata sisimizi. Ukitaka kuijaribu, subiri mafuriko."

"Mafuriko yakija, Mjomba, nitajaribu nini, na Bibi yuko chini ya maji?"

Tembo akampa kisogo. Akaendelea kufuta vumbi.

Digidigi akaona kwamba kwa mlango wa mbele hapiti. Akili ni mali, na yeye nguvu hakuwa nazo. Akaketi, akaanza kuchezea majani, akasema kama anayejisemea:

"Basi ni kweli wanavyosema kule ng'ambo."

Mkonga ukasimama. "Wanasemaje?"

"Aa, maneno ya watu, Mjomba. Sipendi umbea."

"Sema!"

"Wanasema seva ya Fundi Nyani ukiikabidhi mto wowote, inausikiliza. Ya Fundi Tembo inaujua mto mmoja tu, kama ng'ombe anayejua zizi moja."

Uongo mtupu! Fundi Nyani hakuwa na seva, alikuwa na redio mbovu. Lakini Tembo alivimba.

"Nyani? Yangu inaweza kusikiliza mto wowote duniani!"

"Hata mto wa kwenye beseni?"

"Hata wa kwenye kikombe!"

"Basi Mjomba, wafunge midomo. Programu isishuke tena mtoni kujichotea habari. Ikae mlangoni, na anayeiwasha aikabidhi mto: 'Mto wako huu hapa.' Leo beseni, kesho mto wenyewe. Na king'ora vilevile, aikabidhi."

"King'ora kina kosa gani?"

"Tukijaribu kwa king'ora kikubwa, bonde zima litakimbia na kina mama wajawazito wataumia. Tuikabidhi njuga ndogo. Yenyewe itajuaje?"

Tembo akafikiri. Lilikuwa wazo zuri, na kwa kuwa lilikuwa zuri, akaanza kuamini ni lake. Akaifungua seva, akakata hapa, akaunga pale, jasho linamtoka. Mpaka jua linageuka, programu ilikuwa imekaa mlangoni, inangoja ikabidhiwe mto.

"Lete beseni lako!" akasema.

Digidigi akashuka mbio, tiki tiki tiki, akarudi na beseni, njuga na mtungi wa maji. Nyuma yake, polepole, alikuja Bibi Kobe. Na chini ya kanga ya Bibi, watoto, palifichwa kibuyu kilichokatwa nusu na kupakwa masizi mpaka kikafanana na gamba la kobe, na ndani yake kimefungwa jiwe. Sasa ninyi na mimi tunajua. Tembo hajui, na macho yake mnayajua, hayaoni vizuri vitu vya chini.

"Mjomba, mto bila mtu kandokando si mto," akasema Digidigi. "Bibi atakaa ndani ya beseni, ndiyo nyumbani kwake. Wewe weka nguzo ndogo ya kupimia hapo pembeni."

"Bibi, umekubali?" Tembo akauliza, sauti imepungua.

"Nimekubali, mwanangu. Si umesema seva yako ni nzuri?"

Tembo akageuka kuunga waya wa nguzo. Hapo hapo Digidigi akakitumbukiza kibuyu ndani ya beseni, akakifunika kanga, na Bibi Kobe akajiburuta mpaka nyuma ya mlango.

"Tayari! Bibi amejikunja, anaogopa baridi. Mjomba, mimina."

Tembo akachukua mtungi. Chururuuu... Maji yakafika nusu ya beseni. Akaangalia njuga. Kimya.

"Iulize," akasema Digidigi.

Tembo akaandika kwenye simu: "Mto ukoje?" Ting! "Salama."

"Unaona!" akasema Kiboko kutoka kivulini.

Chururuuu... Pindo la kanga likaanza kuelea. Njuga kimya. Ting! "Salama."

"Bibi?" Tembo akaita. "Maji yamefika wapi, Bibi?"

"Shingoni, mwanangu," sauti ikatoka, ndogo sana.

"Niyamwage nje?"

"Kwani seva inasemaje?"

"Inasema salama."

"Basi endelea. Mimi huwa naiamini."

Tembo akainamisha mtungi tena, polepole. Chururu... chururu... Maji yakafunika mgongo wote. Kanga ikajitandaza juu ya maji. Kiboko akainuka kutoka kivulini.

"Bibi?"

Hakuna jibu.

"Bibi Kobe!"

Ting! "Salama."

Tembo alitupa simu. Akatumbukiza mkonga, chubwi! akalipindua beseni zima, akaikumbatia ile kanga iliyolowa kifuani, akalia kwa sauti ambayo kilima hakijawahi kuisikia. "Nimemuua Bibi yangu! Nimemuua aliyenilea!"

"Mwanangu," ikasema sauti nyuma ya mlango. "Angalia ulichokumbatia."

Tembo akaangalia. Kibuyu! Akageuka. Bibi Kobe alikuwa amesimama pale, mkavu, naye machozi yanamtoka, maana hakuna mzee anayependa kumwona mtoto wake analia.

"Digidigi! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, Mjomba. Mto ulikuwa wa uongo, njuga ya uongo, na Bibi wa uongo. Lakini seva ilikuwa ya kweli. Na jibu lake ulilisikia."

Tembo akaiokota simu, akaisoma tena: "Salama." Akaketi, puu! Kisha polepole akaanza kupekua ndani ya programu yake, mstari kwa mstari.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipoandika hatari inapoanzia. Siku ile nilisimama ukingoni mwa mto, nikasema maji yakifika gotini ndiyo hatari. Nikapima, nikaandika, nikafunga."

"Yakifika kwenye goti la nani, Mjomba?" Digidigi akauliza taratibu.

Tembo akatazama goti lake. Akamtazama Bibi Kobe, ambaye hata angesimama juu ya kinu chake asingelifikia. Akajifunika uso kwa masikio.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Ulipima kwa mwili uliokuwa nao. Ila sasa kipimo kitoe humo ndani, mwanangu, kiweke mahali kinapobadilika."

Akakitoa. Vipimo vyote akaviweka nje ya programu, na kila nyumba ikaleta chake. Sungura alitaja kifundo cha mguu. Kiboko alisema, "Mimi niandikie: kamwe." Bibi Kobe alinyoosha mguu wake akasema, "Yakilowesha kucha, niambieni."

Wakajaribu tena na beseni. Chururu kidogo tu, njuga ikalia, cheche cheche cheche! Digidigi akaruka juu mpaka akagonga dari. Ndipo Tembo akaikabidhi seva mto wenyewe na king'ora chenyewe, bila kubadilisha hata neno moja ndani ya programu.

Masika yakaja na ghadhabu zake. Asubihi moja, wiuuu! wiuuu! Digidigi alitoka mbio kwenda kwa Bibi, akakuta Tembo ameshafika. Alikuwa anapanda kilima pamoja na Bibi Kobe, ubavu kwa ubavu, akiinua mguu mmoja na kungoja, akiinua mwingine na kungoja.

"Nikubebe, Bibi?"

"Kwani maji yamefika wapi?"

Tembo akageuka, akatazama chini kwa makini.

"Bado hayajafika hata kizingitini kwako."

"Ah!" akasema Bibi Kobe. "Basi tukae kidogo tupumzike."

Wakakaa. Hadithi yangu nayo imekaa hapo hapo pamoja nao, na mwenye masikio achukue hili: asiyekubali kujaribiwa na beseni, atajaribiwa na mto.