Kikapu cha Pengo

Mpo?

Tupo.

Nilete ya kweli au ya uongo?

Lete ya uongo, za kweli zimetujaa nyumbani.

Haya, sogeeni basi, na atakayesinzia asiseme sikumwambia.

Zamani, wanyama walipokuwa bado na kamati, palikuwa na kijiji cha pwani kikiitwa Vunjapaa. Hakuna aliyekipa jina hilo, kilijipa chenyewe. Upepo ulikuja vuuu, paa likaenda. Mvua ikaja chaaa, ukuta ukaenda. Bahari ikaja ghrrr, na mlango ukawafuata wenzake. Wakazi wakajenga upya. Wakimaliza kujenga, vuuu. Enzi za mababu tufani ilikuja mara moja kwa miaka mingi, watu wakaitumia kuhesabia umri wa watoto wao. Sasa ilikuja mara tatu kwa msimu mmoja, na watoto wakawa na umri usioeleweka.

Katika kijiji hicho aliishi Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwa na watoto watatu. Msimu huo, tufani ya tatu ilipopita, alimkuta kitinda mimba wake juu ya mpapai, mzima, amelikumbatia jani. Mtoto hakusema neno siku tatu. Siku ya nne alisema, "Mama, tuhame." Sange akaona hilo halina mjadala.

Lakini kuhama kulikuwa na mjadala. Mbele ya Vunjapaa kulikuwa na bahari, nyuma kulikuwa na mto, na mto ule ulivukwa juu ya mgongo wa Kiboko. Kiboko ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa. Alichaguliwa siku aliyosimama mbele ya wagombea wengine, nao hawakuonekana tena. Hakumvusha mtu asiye na barua, na barua aliitoa yeye: jani la mgomba lenye muhuri, na muhuri ni unyayo wake uliochovywa matopeni.

Sange alipokwenda mara ya kwanza akaambiwa barua ya kuhama hupewa mwenye nyumba, na yeye nyumba yake imechukuliwa na upepo. Akajenga kibanda, akarudi. Mwenyekiti akamwuliza, kwa upole kabisa, mtu mwenye nyumba nzuri kama ile anahama kwa shida gani.

Sababu ilijulikana. Tembo, mkuu wa bara, alikuwa akiwapelekea watu wa Vunjapaa makopa ya muhogo baada ya kila tufani, kila kichwa kikapu kimoja. Kikapu kilifika kwa Kiboko kimejaa, kikatoka kwake kimechoka. Mkazi akiondoka, kikapu nacho kinaondoka. Kiboko aliwapenda wakazi wake kwa tumbo lake lote.

Basi siku moja Sange akaenda mtoni mbio, analia wii, wii, wii.

"Mwenyekiti, nimekuja kukuomba usinihamishe."

Kiboko akafungua jicho moja. Ombi la namna hiyo halikuwa na utaratibu.

"Nani kasema unahamishwa?"

"Yule ndege Kwarara karudi leo kutoka bara. Anasema ofisi ya Tembo imetoa Waraka wa Pengo. Anayebaki, kikapu kimoja. Anayehama, vikapu viwili."

"Apewe yeye?"

"Ningepewa mimi ningelia? Anapewa mwenyekiti aliyeachiwa pengo."

Kiboko akafungua jicho la pili. Akauliza huo waraka uko wapi. Sange akamjibu kwamba ni wa siri, ndiyo maana kila mtu anaujua. Kiboko alizijua ofisi, akaona hapo hakuna la kubisha. Akachovya mguu matopeni.

Pwata! Barua ya Sange ikatoka.

Sange alikuwa amepiga hesabu ya barua moja. Hakuwa amepiga hesabu ya tumbo la Kiboko. Mwenyekiti alipanda kijijini na mzigo wa majani ya mgomba, akaanza nyumba ya kwanza. Kwale, pwata. Nguruwe, pwata. Kaa, ambaye hakuomba, pwata. Komba alikuwa amelala, akaamka amehama. Waliosita waliambiwa ni agizo, na waliouliza la nani waliambiwa ni la siri. Siku mbili Kiboko alivusha, akirudi anavusha tena, jasho linamtoka ndani ya maji.

Kabla ya kuvuka, Sange akapita kwa Kobe, jirani yake. Huyu Kobe alikuwa na jambo lake. Kila tufani ilipopita ilimwacha chali mchangani, miguu juu, naye akilala chali hawezi kujigeuza. Kwa hiyo Vunjapaa, upepo ukishatulia, kazi ya kwanza haikuwa kutafuta mapaa. Ilikuwa kumpindua Kobe. Sange alichomeka kijiti chini ya gamba, Nguruwe akasukuma kwa pua, wengine wakatoa ushauri. Kobe akishasimama, ndipo watu walipoanza kulia juu ya nyumba zao.

Alimkuta anatafuna jani la mgomba. Ilikuwa barua yake.

"Jirani, hiyo ndiyo ya kuvukia."

"Ina chumvi kidogo ya tope, lakini haidhuru," akasema Kobe. "Mimi nyumba yangu ninayo mgongoni. Siku ikitaka kuhama, itaniambia."

"Na tufani ikikulaza chali?"

Kobe akameza. "Nitatazama mawingu. Nenda, watoto wanakungoja."

Sange alisimama pale, pua inamchezacheza. Alikuwa na uongo wa kumtoa Kiboko barua, lakini hakuwa na uongo wa kumtoa Kobe nyumbani. Akaenda.

Huko bara walitawanyika. Kwale alifuata mashamba ya mpunga, Nguruwe akapanda kilima cha mbali, wengine hata njia zao hazikujulikana. Sange akajenga Kigongoni. Paa likakaa. Akaliangalia asubuhi, lipo, jioni, lipo. Watoto walilala usingizi, na kitinda mimba alisema sana hadi majirani wapya wakaomba apumzike kidogo. Majirani hao walikuwa wema. Walimsalimia kila siku, kila mtu akarudi kwake akafunga mlango, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuwatoa nje.

Mchana mmoja mbingu za upande wa bahari zikawa nyeusi. Vuuu ikasikika kwa mbali sana, na pale Kigongoni hata jani halikutikisika. Sange akajiambia Nguruwe atakuwa ameshakwenda kwa Kobe. Kesho yake akajiambia Kwale ana mbawa, atawahi. Siku ya tatu akaona aibu ya kujiambia. Akawaacha watoto kwa jirani, akashika njia ya siku mbili.

Mtoni alimkuta Kiboko, amekonda hata mbavu zinahesabika.

"Barua," akasema Kiboko.

"Ya nini?"

"Ya kuingia. Hupewa mkazi."

Wakati mwingine Sange angepata la kusema. Safari hii alitafuta uongo, hakuupata, akasema ukweli kwamba amekuja kumpindua Kobe.

"Nimeshampindua," akasema Kiboko. "Siku ile ile, kwa pua hii. Waraka wako haujaleta hata kikapu kimoja. Nimebakiwa na mkazi mmoja; akilala chali, nitamhesabu vipi?"

Akamvusha bila barua. Hakukuwa na wa kumwona akivunja utaratibu.

Kobe alikuwa mchangani, peke yake pwani nzima, gamba lina ufa upande mmoja. Sange alikuja amejiandaa kugombezwa, na kwa kweli alitaka agombezwe. Kobe akamwuliza kama watoto wanalala.

"Wanalala, jirani."

"Basi ulifanya vizuri kwenda." Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja saa, "Ila umechelewa siku nne."

Sange alimsihi waondoke wote. Kobe akasema kwa mwendo wake, atakapofika Kigongoni bahari nayo itakuwa imeshafika. Wakakaa mpaka jua likashuka, wakazungumza habari za Nguruwe na Kwale, ambao si Sange wala Kobe aliyejua waliko.

Wakati wa kurudi, katikati ya mto, Kiboko akamwuliza Sange, hivi ule waraka ulikuwepo kweli?

"Ulikuwepo," akasema Sange. "Ulitenguliwa."

Kiboko akashusha pumzi, akasema alihisi hivyo tangu zamani. Sange hakugeuka kutazama nyuma, kwa sababu huko nyuma kulikuwa na mtu mmoja anayeonekana kutoka mbali sana licha ya udogo wake.

Haya, mzigo wangu nimeutua.

Umetua salama.

Na mafunzo? Mafunzo hutolewa ofisini, lakini leo wamefunga mapema, kwa hiyo nitawapa mimi. Kuhama ni muhuri tu, wanangu. Ukishapigiwa pwata, wewe umehama mzima mzima, hakuna kinachobaki nyuma.

Ndivyo?

Ndivyo wanavyosema. Kalaleni.