Msasa Haufuti Ufa

Mlisikia. Msinitazame viatu, nitazameni usoni. Kisu kimechovywa sasa hivi mbele yenu, kimetoa sauti, nikauliza, mkanijibu hapana wote sita kwa mdomo mmoja. Na wewe unayesoma haya ukiwa mbali na banda letu la uhunzi, ukidhani hili ni shauri la vijana wa Kihonda peke yao, nawe uliwahi kusikia kitu kikilia, ukageuza shingo kana kwamba umeitwa upande wa pili. Nakujua. Nilikuwa wewe.

Msasa haufuti ufa. Nilipotamka hivyo, Shani, ambaye haachi neno limpite bila kulikagua, akaniuliza: "Babu Pinga, hiyo methali umeitunga au umeikuta?"

Sikuitunga, mjukuu wangu. Wala msiwasingizie wahenga. Watu wa banda hili hili ndio walioileta duniani, juu ya fuawe hii hii, chuma hiki cha kufulia mlichokiegemea, na mmoja wao ni mimi. Kaeni chini. Ilianza namna hii.

Miaka ishirini na sita iliyopita tulikuwa watu wanne tuliokutana hapa kila Jumamosi. Hakuna aliyekuja kutafuta riziki. Mwalimu Kobelo alifundisha jiografia wiki nzima, na Jumamosi alitaka kupiga kitu ambacho hakiwezi kwenda kumshtaki kwa mzazi. Nesi Leokadia alikuwa wa wodi ya wazazi. Alisema moto wa hapa unampumzisha kuliko kitanda. Mimi nilikuwa mgomvi wa kata, kama nilivyo hadi leo. Hapakuwa na mkutano wa hadhara ambao sikunyoosha mkono, wala mwenyekiti ambaye sikumkumbusha alichoahidi mwaka gani, mwezi gani, amevaa shati gani. Ndiyo maana wakaniita Pinga.

Wa nne ndiye mwenye banda, Fundi Mkude, mstaafu wa karakana ya reli. Miaka thelathini ya kupigilia ribiti kwenye mabehewa ilikuwa imemla masikio. Ukitaka akusikie, usimame mbele yake, upaze sauti, na usiwe na haya.

Sasa, ninyi mnajua kuwa chuma kikitoka motoni kikiwa chekundu hutumbukizwa ili kipate ugumu. Na mnajua kwamba kikishtuka hupasuka ndani, na kikipasuka hulia. Si kishindo. Ni "ti!" ndogo tu, kama mtu aliyegonga glasi kwa ukucha. Fundi Mkude hakuweza kuisikia tena sauti ile. Kwa hiyo aliweka desturi. Kila kisu kilipotumbukizwa, aligeuka, akatutazama midomo, akauliza:

"Kimelia?"

Tukisema kimelia, kisu kiliwekwa juu ya fuawe, na aliyekitengeneza ndiye aliyekivunja kwa nyundo, tena mbele ya wenzake. Hata kama amekihangaikia Jumamosi tano. Fundi alikuwa akisema, "Masikio yangu mnayo ninyi. Msiniuzie."

Mwaka ule Mwalimu Kobelo alikuwa na dada yake, Bi Hidaya, mpishi wa shughuli. Mji huu wote ulimjua. Harusi ikitajwa, watu huuliza kwanza pilau anapika nani, ndipo waulize bwana harusi ni nani. Mwalimu alikuwa amemtengenezea kisu kimoja kabla, kikatoka laini kama bati. Bi Hidaya alikuja nacho hapa mlangoni, akakiinua juu ili sote tukione.

"Fundi Mkude, huyu mwanafunzi wako umemfundisha kutengeneza vijiko?" alisema. "Jana nimekata ndizi mbivu, kisu kimepinda, ndizi iko salama!"

Tulicheka hadi Nesi Leokadia akashika ubavu. Mwalimu naye alicheka, lakini masikio yalimwiva. Akamwambia, "Dada, utanikoma. Siku ya kumwoza Mwasiti utakatia nyama kwa kisu changu, na mifupa itakuomba radhi."

Mwasiti alikuwa binti pekee wa Bi Hidaya. Harusi yake ilipangwa Jumapili, na Mwalimu alimaliza kukifua kisu kile Jumamosi, siku moja kabla. Chuma kilitoka kwenye springi ya lori. Kilikuwa kizuri, nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Mgongo mnene, tumbo limeshuka kidogo, ncha imenyooka. Alikuwa amekifanyia kazi kwa majuma saba.

Fundi alikuwa amekwisha kutufundisha kwamba springi ya gari hutumbukizwa kwenye mafuta, haitumbukizwi majini. Mafuta huipoza taratibu, maji huishtua. Lakini maji huipa ugumu zaidi, na Mwalimu alikuwa bado anaisikia ile ndizi. Fundi alikuwa ameinama pale mlangoni akishona ngozi iliyotoboka ya mivuo, ile mifuko ya kupulizia moto. Mwalimu akakitoa kisu motoni kwa koleo, akatazama mgongo wa Fundi, akalipita debe la mafuta, akakizamisha kwenye ndoo ya maji.

Mvuke ukapanda. Na ndani ya mvuke ule: ti!

Niliisikia. Sikudhani nimeisikia, niliisikia. Nesi Leokadia aliisikia pia, maana aliinama ghafla kufunga kamba ya kiatu, na siku ile alikuwa amevaa kandambili.

Fundi aliona mvuke, akainuka. "Maji? Kwa nini maji?"

"Mafuta yamechafuka, Fundi," Mwalimu akasema.

Fundi hakupenda, lakini hakumgombeza. Akafanya kama siku zote. Akatutazama midomo. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo mkubwa kuliko wote, akaniangalia mimi.

"Pinga. Kimelia?"

Nikamtazama Mwalimu. Ndugu zangu, ile sura. Hakusema kitu, ila macho yalikuwa yanasema harusi ni kesho. Huyu ndiye mtu aliyeniandikia barua zangu zote za malalamiko kwa Kiswahili safi, aliyeniwekea dhamana nilipokamatwa kwenye mgomo wa soko. Nikajiambia, ni kisu tu. Nikajiambia, labda ni mkaa uliopasuka. Mimi, niliyewasimamisha watu wazima mbele ya halaiki nikawaambia wanaficha, nikafungua mdomo wangu nikasema:

"Hakijalia, Fundi."

Akaniamini. Hilo ndilo linalonila. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mivuo yake, akaendelea kushona.

Mwalimu akakirudisha kisu kwenye joto dogo, kama kawaida, ili ugumu upungue kidogo. Kilipopoa akaanza kukisugua. Nilikuwa nimekaa karibu yake, pale alipokaa Shani. Baada ya msasa wa kwanza, ule mkali, ufa ulionekana. Mstari mwembamba kama unywele, vidole vitatu kutoka kwenye ncha, umeanzia kwenye makali kuelekea juu. Tuliuona pamoja. Mwalimu akanitazama, nami nikatazama mpini wa mninga alioukata, nikamwambia umetoka vizuri. Akashika msasa laini. Akasugua. Akashika ulio laini zaidi, akasugua tena, akatia mafuta, akapangusa kwa kitambaa. Kisu kikang'aa hadi ukaweza kunyolea ndevu kwa kujitazama ndani yake. Mstari haukuonekana tena.

"Umekwisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Umekwisha," nikasema.

Jumapili asubuhi tulikuwa uani kwa Bi Hidaya. Sufuria tano kubwa jikoni, wanawake wanachambua mchele, ngoma inaonjwa kidogo kidogo kama chumvi. Mwalimu alimkabidhi dada yake kisu kwa mikono miwili. Bi Hidaya akakigeuza, akakijaribu kwenye ukucha, na safari hii hakuchekesha watu. Machozi yalimlengalenga.

"Kaka," akasema, "hiki nitazikwa nacho." Kisha akaangua kicheko: "Haya, leteni hiyo mifupa ije kuniomba radhi!"

Alikata nyama nusu saa nzima, na kwa kila pande lililoanguka Mwalimu alivuna sifa. Halafu likaja paja, lenye kiungo cha goti. Bi Hidaya akainua mkono, akashusha kwa nguvu ya mtu anayekiamini alichoshika.

Kisu kilikatika pale pale. Vidole vitatu kutoka kwenye ncha. Kipande kikaruka, kikamwingia jicho la kushoto.

Sitawasimulia alivyolia. Nitawaambia tu kwamba Nesi Leokadia ndiye aliyemfunga jicho kwa kanga. Bi Hidaya alipelekwa hospitali. Binti yake aliozwa saa nane mchana, na mama yake hakumwona akitoka ndani amepambwa. Binti mmoja, harusi moja. Hakumwona.

Fundi Mkude alibaki uani. Aliokota kile kisu kilichobaki na mpini wake, akakipeleka penye mwanga, akakitazama pale kilipokatika. Akaniita.

"Pinga, njoo usome hapa."

Nikatazama. Sehemu ya mkatiko, ile ya juu kuelekea mgongoni, ilikuwa ya kijivu, safi, yenye chembe zinazong'aa. Ile ya chini, kwenye makali, ilikuwa nyeusi, imeungua.

"Hii ya kijivu imekatika leo," akasema. "Hii nyeusi imepitiwa na moto. Na moto uko bandani kwangu, hauko hapa. Kwa hiyo kilikuwa kimepasuka jana, kabla hakijarudishwa kwenye joto." Akanitazama mdomo. Kisha akaniuliza tena, kwa sauti ile ile ya kila Jumamosi: "Kimelia?"

"Kililia, Fundi."

"Nesi alisikia?"

"Alisikia."

"Mwalimu?"

Fundi akaufunga mkono wake juu ya kile kisu kilichovunjika.

Siku ya tatu tuliruhusiwa kumwona mgonjwa. Mwalimu Kobelo alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia yote, tangu maji hadi mvuke hadi unywele. Hakuniacha nje, wala hakunisingizia. Alisema, "Dada, naapa, niliusugua. Niliusugua mpaka ukaondoka. Niliutafuta sikuuona."

Bi Hidaya alimgeukia na lile jicho lililobaki.

"Msasa haufuti ufa, kaka," akasema. "Ulichofuta ni njia yangu ya kuuona."

Halafu akanitazama mimi. "Na wewe, Pinga. Wewe unayepiga kelele mji mzima hatulali. Kelele moja tu, ndugu yangu. Moja tu ilikuwa yangu."

Ninyi mnanisikia nikigombana na mtendaji, nikigombana na mwenyekiti, mnasema mzee huyu ana hasira za nini. Hasira zangu zote zimeanzia kwenye kitanda kile. Kuwapigia kelele watu usiowapenda ni kazi rahisi, mtoto mdogo anaiweza. Kwa rafiki yako ndipo ulimi unapokuwa mzito kama fuawe.

Jumamosi iliyofuata Fundi Mkude alifungua banda, akawasha moto, akatungoja tukae. Akaitundika ile nusu ya kisu pale juu ya ndoo, mnapoiona hadi leo na mnayodhani ni pambo. Akalaza koleo lake juu ya fuawe.

"Mimi ni kiziwi," akasema. "Nilikuwa na masikio sita hapa ndani, sasa sina hata moja. Mtu asiye na masikio hafui visu."

Akaenda nyumbani. Tulimfuata mara nyingi, alitukaribisha, alitupa uji, alizungumza habari za mvua. Bandani hakurudi tena. Alifariki mwaka wa nne, na banda nikalishika mimi. Mwalimu Kobelo hakushika nyundo tena maisha yake, na Bi Hidaya aliendelea kupika, ila nyama alikatiwa na watu wengine. Kila alipoletewa chombo kipya kinachong'aa, awe ni nani aliyekileta, alikigeuza geuza na kusema, "Msasa haufuti ufa." Wapishi wakalichukua neno, wakalipeleka jikoni kwao, likatoka jikoni likaingia mitaani. Leo mnalisikia kwenye kesi za ndoa na kwenye vikao vya kuchangisha, na anayelitamka hajui kwamba ndani yake kuna jicho la mtu.

Basi turudi kwenye ndoo.

Shani, uliniuliza methali imetoka wapi, nami nimekujibu. Sasa nikuulize mimi. Masikio yangu si kama ya Fundi Mkude. Mungu ameniachia yote mawili, kunikumbusha. Kisu kilicho mkononi mwako umekitumbukiza majini. Niliona, kama ninyi nyote mlivyoona. Mama yako anakingoja kesho kwenye meza yake ya samaki, na tangu nianze kusimulia, mkono wako wa kushoto umeshika msasa.

Na ninyi watano mliosema hapana kwa sababu mnampenda, mapenzi hayo nayajua. Nilimpenda Mwalimu Kobelo.

Wewe uliye mbali nami unayesoma, hujatoka salama. Unalo la kwako. Kuna kitu kililia mbele yako, kazini, nyumbani, kwenye jengo wanalosomea watoto, na mtu anayekuamini akakuuliza. Usiseme utalitazama Jumatatu. Bi Hidaya hakupata Jumatatu.

Msasa haufuti ufa. Weka msasa chini, Shani. Nyundo ile pale. Semeni wote, kwa sauti ambayo kiziwi angeisikia: kimelia! Kisha kivunjeni, sasa hivi, kabla hakijatoka mlangoni.