Fundi Aliyengoja Kutafutwa

Mwanamke mmoja alikuwa na mashine ya kufumia masweta, na hakuna fundi katika mji wake aliyeweza kushindana naye. Jina lake lilikuwa Subilaga, ingawa hapakuwa na mtu aliyemwita hivyo. Tangu alipojifungua binti yake wa pekee aliitwa Mama Sekela, na hata Sekela alipoolewa akaenda kuishi mbali, na mume akafariki, watu waliendelea kumwita hivyo hivyo.

Mji wenyewe ulikuwa milimani, mahali pa baridi kali. Ukungu ulikaa juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne asubuhi. Kileleni palikuwa na shule ya serikali ya wasichana, ya bweni, na kila mwaka serikali iliwanunulia wasichana wa kidato cha kwanza masweta. Masweta hayo yalitoka kiwandani, mbali sana, na yalikuwa mepesi. Yakifuliwa mara tatu yanalegea, na upepo unapita ndani yake kama yupo mtu aliyeuruhusu. Kila Jumapili wasichana waliposhuka kwenda kanisani, Subilaga aliwatazama kutoka mlangoni pake. Walitembea wamekumbatia vifua vyao wenyewe. Alijua ni uzi gani ungewafaa, na ni mishono mingapi kiunoni, na jinsi ya kuirefusha mikono ili vidole visigande. Alichokitamani kuliko kitu chochote duniani ni kuwaona wakishuka kilima kile wamevaa kazi yake.

Mwaka mmoja mkuu wa shule, Mwalimu Bupe, alipita kwake kununua sweta lake mwenyewe. Aliligeuza nje ndani, akatazama maungio, akapitisha kidole kwenye shingo. Akasema kwamba mtu mwenye kazi kama hii hana haja ya kuhangaika, serikali itamtafuta yenyewe. Alisema tu, kama mtu anavyosifia kitu kizuri, akalipa akaenda zake. Lakini Subilaga aliyachukua maneno hayo akayaweka moyoni, na tangu siku hiyo akawa anangoja.

Alingoja miaka tisa. Kila mwaka tangazo la zabuni lilipobandikwa kwenye ubao wa halmashauri alikwenda kulisoma, tangu juu mpaka chini. Baadaye walipobandika majina ya waliopewa kazi, alikwenda tena. Akikosa jina lake, alijiambia kwamba mwaka huu hawajamfikia. Alirudi akafuma masweta ya majirani, na kila aliposikia viatu vya mtu wa ofisini vikipita nje, alisimamisha mashine akainua kichwa.

Si kwamba hakuambiwa. Jirani yake alimwambia mara nyingi, nenda ukachukue namba ya biashara, bila namba hawawezi kukupa zabuni wala ruzuku. Subilaga alikuwa na jibu. Marehemu mume wake, mtu mwema na mwoga, alikuwa akisema kwamba ukishaandikwa na serikali utatafutwa kwa mambo yote, hata usiyoyataka. Hilo ndilo alilolisema kwa watu. Lakini chini yake palikuwa na lingine ambalo hakumwambia yeyote. Ilimuuma kwamba fundi wa miaka ishirini na miwili aende kusimama dirishani kujitambulisha, kama mgeni aliyeteremka jana. Kazi yake si ilikuwa inaonekana? Waliovaa masweta yake walikuwa wanapita mbele ya ofisi hizo hizo kila siku.

Mwaka wa saba mfanyabiashara Asajile, ambaye ndiye aliyekuwa na namba na ndiye aliyepewa zabuni ya masweta kila mara, alipungukiwa. Mzigo wa kiwandani ulifika pungufu, masweta thelathini hayakuwemo. Alikuja kwa Subilaga, akamwomba amfumie, akampa malipo ya haki bila kuomba apunguziwe. Kisha akayachukua, akashona kwenye kila shingo kitambaa chenye jina la duka lake. Hakumdhulumu. Mbele ya serikali, masweta hayo yalikuwa yake.

Jumapili iliyofuata wasichana waliposhuka, Subilaga alisimama mlangoni akawatambua wale thelathini, mmoja mmoja. Hawakuwa wamejikumbatia. Mmoja wao alikuwa anarusha mikono akisimulia jambo, na wenzake wanacheka. Subilaga alitaka kuita. Lakini angewaitaje, na angesema nini? Aliwafuata kwa macho mpaka walipopotea kwenye kona, kisha akabaki amesimama pale pale, mkono umeshika fremu ya mlango.

Wiki hiyo, sokoni, alimkuta mama mmoja amemshika Asajile mikono miwili, anamshukuru. Mwanawe alikuwa na kifua kibovu, na tangu alipovaa sweta lile hajakohoa hata mara moja. Subilaga alikuwa nyuma yao akichagua vitunguu. Asajile alimwona, akatazama chini. Subilaga angeweza kusema neno, na kwa hakika asingebishiwa. Badala yake alinunua vitunguu asivyovihitaji akaondoka, na njiani alijisikia kama mtu aliyehudhuria sherehe yake mwenyewe akiwa amesimama nje ya uzio.

Mwaka wa tisa uvumilivu ulimwishia. Alivaa gauni lake la kanisani, akachukua sweta moja bora kuliko yote aliyowahi kufuma, akaenda halmashauri. Hakwenda kujiandikisha. Alikwenda kulalamika. Alitaka kuwauliza kwa nini wamemsahau.

Karani wa usajili, dada mmoja mpole mwenye miwani, aliandika jina lake kutoka kwenye kitambulisho akamwomba akae kwenye benchi. Watu walikuwa wengi. Baada ya muda karani alitokeza mlangoni akaita, "Subilaga Mwambene!" Hakuna aliyesimama. Akaita mara ya pili. Subilaga alikuwa anawatazama wenzake kwenye benchi, akijiuliza ni nani huyo asiyesikia. Karani alipoita mara ya tatu ndipo alipotambua kwamba ni yeye, akasimama kwa aibu, sweta limeanguka miguuni.

Alieleza yote. Alieleza habari za Mwalimu Bupe na maneno yake, ubao wa matangazo, wale thelathini na mama wa sokoni. Alisema amengoja miaka tisa na hakuna hata mtu mmoja aliyebisha hodi. Karani alimsikiliza bila kumkatiza, akalishika lile sweta, akaligeuza. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili Subilaga naye aone. Palikuwa na orodha ya mafundi wa mji ule wenye namba, waseremala na waashi na washonaji, na kwenye wafumaji wa masweta palikuwa patupu.

"Mama," karani akasema, "kila mwaka tunapotaka masweta tunafungua hapa kwanza, tunakutafuta, hatukuoni."

Subilaga aliweka kidole pale patupu. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba wanamjua na wanampita. Kumbe kila mwaka, katika chumba hiki, palikuwa na mtu aliyeinama akimtafuta yeye, akanyanyua mikono, akaagiza mbali. Hilo lilimuumiza kuliko kusahauliwa.

Akaomba fomu. Aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa, na kalamu ilikuwa nzito kwa sababu hakuwa amelizoea. Alipofika mahali palipouliza biashara imeanza lini, akaandika mwaka aliponunua mashine. Karani akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, hapo huandikwa tarehe ya kujiandikisha. Subilaga akauliza, na ile miaka ishirini na miwili ataiweka wapi? Karani akatafuta kwenye fomu, kweli akatafuta, juu na chini, hakuona mahali. Basi Subilaga akaifuta kwa mstari mmoja, akaandika tarehe ya siku ile. Kazi yote haikufika saa moja. Namba ilipotoka kwenye mashine ya kuchapia, karatasi ilikuwa bado ya moto.

Zabuni ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kufungwa siku kumi na moja nyuma, na Asajile ndiye aliyeipata. Subilaga akarudi nyumbani akafuma kwa majirani. Mwaka uliofuata barua ya kumpa zabuni ilikuja, ina jina lake. Kwa ile namba alipata pia ruzuku ya mafundi wadogo, akanunua mashine ya pili, akamwajiri mwanamke mwenzake, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa. Wakafuma masweta themanini. Mwalimu Bupe alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao, hakuyaona.

Siku ya kuyapeleka, Subilaga aliomba aingie mpaka bwenini. Msichana mmoja mdogo, aliyefika shuleni juzi tu, alivaa lake, akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, akafumba macho kidogo. Kisha akakimbia kwa wenzake bila kuuliza nani kalifuma. Subilaga alifurahi, na machozi yalimtoka, na watu waliokuwepo walidhani ni ya furaha peke yake. Lakini yeye alikuwa anawahesabu wengine. Alikuwa anawafikiria wasichana wa miaka ile tisa ya kungoja, walioingia kwenye mabweni yale na kutoka, wakiwa wamejikumbatia, ambao sasa ni watu wazima huko waliko, na ambao hata afume namna gani hawezi tena kuwavisha.

Basi, ndugu zangu, wewe uliye na kipawa na unanung'unika kwamba hakuna anayekuita, anayekuhitaji akikutafuta asubuhi hii, umejiandikisha wapi?