Fisi Aliyekwisha Kuona Kila Tamthilia

Paukwa.

Pakawa.

Sijasikia kila mtu. Aliyeinamia simu aiweke kando kwanza. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na kijiji, kijiji kikawa na ghala, ghala likawa na karanga, na juu ya karanga akakaa Fisi.

Karanga zilikuwa za wote. Wote walilima, wote walipalilia, wote walivuna, wote waliweka ghalani kungojea kiangazi. Fisi hakulima. Fisi alijitolea kulinda, na mlinzi mwenye meno kama yale hakuna wa kumwachisha kazi. Mifupa ilipoadimika akazizoea karanga, kwa maana mwenye pupa hachagui. Ukienda kuomba fungu lako alikupa konzi moja, ya mkono wako, si ya mkono wake. Na mkono wa Pimbi mnajua ulivyo.

Pimbi alikuwa mama wa watoto wengi kuliko alivyopanga. Asubuhi walilia njaa, mchana walilia njaa, jioni walikuwa hawana nguvu ya kulia. Hakuwa na hasira na Fisi. Hasira ni ya mtu aliyelala vizuri. Yeye alitaka karanga tu.

Sasa, ndani ya ghala hilohilo mlikuwa na televisheni ya kijiji, kwa sababu ndilo jengo pekee lisilovuja na sola ilifungwa juu ya paa lake. Kila alasiri wanyama waliingia kutazama tamthilia. Fisi alikaa juu ya magunia, jicho moja kwenye picha, jicho jingine kwenye mikono ya wenzake.

Kijiji kilikuwa na desturi: aliyeimaliza tamthilia hakai ndani na wasioimaliza. Hukaa nje, mlango ukafungwa, mpaka wenzake nao wamalize, maana mdomo hauna kufuli, na mwisho ukishasemwa haurudi. Kinyonga aliwahi kukaa nje msimu mzima wala hakununa. Fisi desturi hiyo haikuwahi kumgusa, kwa kuwa tamthilia zote walizianza pamoja naye.

Lakini Fisi alikuwa na ugonjwa mmoja. Ukimsifia kitu ulichokiona, yeye alikwisha kukiona. Swala akisema, "Kuna video ya mbuzi anayepanda ngazi, itafuteni," Fisi alisema, "Hiyo ya zamani." Kanga akisema, "Kuna filamu mpya, hata mjini haijafika," Fisi alisema, "Mimi niliiona wakati bado wanaitengeneza."

Siku moja Pimbi alifika ghalani na flashi ikining'inia shingoni. Alijitahidi kuchangamka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kuzaa.

"Jamani," alisema, "dada yangu wa kule majabalini kanipa tamthilia. Sijaona kitu kama hiki. Nilianza sehemu ya kwanza na ugali uko motoni, ugali ukaungua, nikaendelea. Inaitwa Machozi ya Malkia Sekela. Acheni yote mnayotazama."

"Ina mapenzi?" aliuliza Kanga.

"Ina mapenzi, ina vita, ina mama mkwe."

"Mama mkwe mbaya?"

"Shoga, usiniulize."

Fisi akapiga miayo. "Malkia Sekela? Niliiona kitambo."

"Yote, Mzee Fisi?"

"Yote."

"Labda uliishia katikati. Wengi huishia katikati."

"Wewe mfupi, mimi siishii katikati. Niliiona mpaka mwisho, mpaka yale majina yanayopanda."

Kanga akamtazama Swala. Swala akautazama mlango.

"Basi pole, mzee," alisema Pimbi. "Desturi unaijua."

Fisi aliyatazama magunia, akautazama mlango. Neno moja tu, "sijaiona", lingembakiza ndani. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kulitamka, na siku hiyo halikutoka. Akashuka, akatoka, mlango ukafungwa. Pu.

Ndani, Pimbi alichomeka flashi. Humo hamkuwa na Malkia Sekela wala mama mkwe wake. Mlikuwa na harusi ya binamu yake Pimbi, harusi ndefu yenye hotuba za wajomba wa pande zote mbili. Akaongeza sauti, akatoboa gunia.

"Kuleni," alisema. "Kwa adabu."

Wakala bila adabu. Kacha, kacha, kacha.

"Nyinyi," Fisi aliita toka nje. "Nini hicho, kacha-kacha?"

"Askari wanakanyaga changarawe," alijibu Pimbi. "Huikumbuki hiyo?"

"Naikumbuka," alisema Fisi. "Naikumbuka sana."

Kesho yake wakaingia tena, mlango ukafungwa, pu. Wakala, kacha, kacha, mpaka mtoto mmoja wa Pimbi akashindwa kujizuia. Mbeuuu.

"Nyinyi, nani huyo amecheua?"

"Mfalme, katoka karamuni. Huikumbuki hiyo?"

"Naikumbuka. Naikumbuka sana." Kisha akauliza, kama mtu asiyejali, "Imebaki sehemu ngapi?"

"Si wewe uliyeimaliza?" alisema Kanga.

Tumbo la Fisi likanguruma, naye akaliambia linyamaze.

Siku iliyofuata Swala alifungua dirisha la nyuma, wakaanza kuyatoa magunia. Kwaruu, kwaruu, pu. Kwaruu, kwaruu, pu.

"Nyinyi. Nini hicho, kwaruu-kwaruu?"

"Mzee, hapa pagumu," alisema Pimbi, akihema. "Wanaburuta jeneza la malkia. Huikumbuki hiyo?"

Fisi aliinamisha masikio.

"Naikumbuka," alisema, sauti imemlegea. "Mimi hapo nililia."

Gunia la mwisho likatoka. Kila nyumba ikapata fungu lake. Pimbi akazima televisheni, akachomoa flashi, akafungua mlango.

"Tumemaliza, Mzee Fisi. Karibu ndani."

Fisi aliingia. Ndani mlikuwa na televisheni. Mlikuwa na maganda. Hamkuwa na kitu kingine. Manyoya yalimsimama mgongoni, na meno yote yakatoka nje, ya mbele na ya nyuma.

"Karanga ziko wapi?" aliuliza, taratibu.

Wote walirudi nyuma, isipokuwa Pimbi. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mguuni, na kurudi nyuma kungemchosha.

"Ni kama ule mwisho wa tamthilia," alisema. "Mlinzi anakaa mlangoni, ghala linatokea dirishani. Nasi tukasema, mzee anaujua mwisho na bado ametuachia, kumbe ana moyo mkubwa." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Au hukuiona?"

Kanga akasogea karibu. "Kwani hukuiona, Mzee Fisi?"

"Hukuiona?" aliuliza Swala.

"Hukuiona?" waliuliza watoto wa Pimbi, wote kwa pamoja.

Fisi alimtazama Pimbi kwa muda ambao Pimbi aliuona mrefu. Kisha jino moja likarudi ndani, na jingine, na jingine, mpaka mdomo ukafungwa. Akameza mate.

"Niliiona," alisema. "Tena mwisho ndio ulionipendeza zaidi."

Akatoka, wala hakugeuka nyuma. Inasemekana yuko kijiji cha ng'ambo ya mto, anawasumbua wenyeji waitafute Machozi ya Malkia Sekela. Anasema waigizaji wa siku hizi hawaigizi namna ile tena.

Pimbi yeye alikwenda nyumbani, akawakaangia watoto karanga, wakala, wakashiba, wakanyamaza. Akalala palepale jikoni, mwiko mkononi.

Ngano ndiyo hiyo, imefika. Kama imenoga, kaeni nayo. Kama imechacha, msinirudishie, sina pa kuiweka.

Na fundisho lake ni kwamba televisheni hupoteza wakati na haijawahi kumshibisha mtoto wa mtu. Fundisho la pili ni kwamba mwongo hafiki mbali. Mwalimu akiwauliza mmejifunza nini, mjibuni hivyohivyo.