Halwa ya Raya

Chochea moto, mwiko mwachie.

Methali hii ilianza hivi, kule Wete. Nyinyi kazi mnaikimbia, lakini mkisikia neno la watu wazima mnataka na asili yake. Basi sikilizeni.

Bi Mize alikuwa mpika halwa. Halwa hukorogwa saa nzima na zaidi bila kupumzika. Ukiuacha mwiko kidogo tu, inashika chini na kuungua. Vijana walimkorogea, lakini kila ilipoanza kuwa nzito aliwapokonya mwiko akaimaliza mwenyewe. Ikisifiwa, husifiwa yeye. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Raya peke yake. Mikono ya Bi Mize nayo ilikwisha kuanza kutetemeka, na hapakuwa na mwingine wa kumrithi kazi ile.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa jikoni kwake, maana halwa ilikuwa ya harusi ya mwanangu. Ilipoanza kuwa nzito, Bi Mize akanyoosha mkono kama kawaida. Raya akampa mwiko, akachukua buibui lake.

"Wenda wapi?"

"Nyumbani, bibi. Miaka mitatu nakoroga maji ya sukari. Halwa yenyewe sijaipika hata siku moja."

"Na ukiiunguza halwa ya watu?"

"Nitakuwa nimeiunguza mie, na nitajua kwa nini."

Bi Mize alizungusha mwiko mara mbili tatu. Kisha nikaona jambo ambalo hata leo sijalisahau. Mama yule, aliyeogopwa na mtaa mzima, alimrudishia Raya mwiko, akapiga magoti jivuni mbele ya kuni.

"Niambie moto unautaka vipi," akasema.

"Punguza, bibi."

Yeye hapo siku zote huongeza. Akatoa ukuni mmoja.

"Na mwingine."

Akatoa na wa pili. Raya alikoroga jasho likimtiririka, mpaka samli ikaelea na halwa ikaachana na sufuria.

Bi Mize akaonja. Halafu akanigeukia.

"Peleka harusini. Wakiuliza, waambie ni halwa ya Raya."

Haukupita mwezi, wawili wa wale walioondoka walirudi kuomba kazi. Walimkuta bibi yao chini, kwenye kuni, akimuuliza Raya moto unatosha au bado.

Basi mkifungua biashara zenu, mkapata watoto wa watu wa kufanya nao kazi: chochea moto, mwiko mwachie.