Mnyama wa Bi Kidawa

Palikuwa na sultani mmoja katika mji wa Shungwi, jina lake Shekuwe, ambaye tangu azaliwe hajaingia jikoni. Kula alijua, kinapotoka chakula hakuulizia. Basi sultani huyu akaagiza ng'ambo kinu cha kushindikia mafuta, gogo kubwa la kuzungushwa na ngamia, pamoja na ngamia mwenyewe. Vito vya mama yake viliishia humo, na shamba la minazi pia.

Kinu kikaanza kazi. Asubuhi moja tu kilitoa mafuta ambayo wanawake wa mji mzima wangehangaika nayo wiki nzima. Lakini nani ayanunue? Watu walizoea mafuta ya Bi Kidawa, mjane wa mtaa wa nyuma ya soko, aliyekuna nazi kwa mkono wake, akakamua tui, akalichemsha taratibu mpaka majirani wakatoka nje kunusa. Mafuta ya sultani yalinuka ngamia. Na ngamia, jamani, awe na kazi asiwe na kazi, anakula!

Sultani akapandwa na mori. Mbiu ikapigwa: "Ni marufuku kutengeneza mafuta bila mnyama! Atakayekaidi, vyungu vyake vitavunjwa, naye atafungwa kwenye kinu azunguke na ngamia!"

Kesho yake Bi Kidawa akakamatwa, chungu kikiwa motoni. Vyungu vile ndivyo vilivyomlisha tangu mumewe afariki. Lakini ulimi wake haukuwahi kumwogopa mtu, akaingia nao barazani.

"Umeisikia mbiu yangu?" sultani akauliza.

"Nimeisikia, Maulana, na nimeitii."

"Umeitii vipi? Una mnyama wewe?"

"Ninaye."

"Mnyama gani?"

"Mbuzi."

Kadhi, aliyekaa pembeni, akakohoa. Mpishi wa jumba, aliyekuwa akipita na sinia, akageukia ukutani ghafla.

"Mbuzi atoe mafuta?"

"Bila yeye, Maulana, sipati hata tone."

"Ana nguvu gani?"

"Nguvu hana. Ana meno."

"Na chakula chake?"

"Hana chakula. Kutwa anatafuna nazi, na hamezi hata chembe."

Sultani akameza mate. Alimkumbuka ngamia wake na mizigo ya majani.

"Hulala wapi?"

"Namkunja, namtundika ukutani."

"Unamtundika! Halii?"

"Kimya kabisa, Maulana, mpaka nimkalie mgongoni."

Sultani akaruka kitini, macho yanang'aa. "Mlete! Naapa mbele ya kadhi, mbuzi wa namna hiyo akiwapo, utatengeneza mafuta mpaka uzeeke, na hakuna wa kukugusa!"

Bi Kidawa akaondoka mbio, akarudi na mbuzi wake kwapani. Akamkunjua katikati ya baraza: vibao viwili vilivyopishana, na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Akamkalia, akaomba nazi, akaanza kukuna. Kwaru, kwaru, kwaru! Machicha meupe yakamwagika kwenye sinia la mpishi.

Sultani akatoa macho. "Hiki ni kitu gani?"

"Mbuzi, Maulana," akasema kadhi, ndevu zikimtetemeka.

Sultani akamgeukia waziri wake. "Wewe, hiki ni nini?"

"Mbuzi, Maulana. Hata mama yangu anaye."

Akamgeukia mpishi. Maskini mpishi alikuwa amekaa sakafuni akijifuta machozi kwa aproni, hawezi kusema. Akaitikia kwa kichwa tu.

"Mnanifanya mjinga!" sultani akanguruma. "Mbuzi gani huyu, hana kichwa wala miguu?"

Bi Kidawa akakung'uta machicha mikononi.

"Ni kweli hana, Maulana," akasema. "Hata amri yako haina, na mbona tumeitii?"