Basi Bovu na Vyote Vilivyomo

Sogeeni mbele, ndugu zangu. Wale wa mlangoni ingieni ndani, jua kali. Leo sina maneno mengi. Wiki hii nimeletewa kesi tatu za majirani, na zote tatu za uchafu: huyu jalala lake, huyu banda lake la mbuzi, huyu mti wake unaangusha majani uani kwa mwenzie. Nimechoka, nasema kweli. Kwa hiyo jana baada ya laasiri nilikaa nikatunga mfano. Usikilizeni kwanza, halafu mnipe hukumu.

Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, anaishi kijijini kwenye shamba la urithi. Ameendesha magari ya matajiri zaidi ya miaka thelathini, na tajiri akifilisika, anamwachia lile lisilotembea. Basi pale shambani kuna trekta lisilo na injini, kuna pikapu imekalia matofali, na kuna basi. Basi zima, refu, rangi imebabuka, viti vimeng'olewa. Kuku wanataga kwenye pikapu. Na kila Ijumaa, kabla hajaenda kuswali, mzee anachukua kitambaa anafuta kioo cha mbele cha lile basi, utafikiri kesho lina safari. Mnacheka. Hata kijijini kwake walikuwa wanacheka.

Ng'ambo ya uzio wake alikaa mwalimu mkuu mstaafu. Huyu mtu wa heshima zake: harusi haianzi kabla hajafika, na mkutano wa kijiji ukikwama anaulizwa yeye. Alijenga nyumba nzuri, bati la bluu, baraza ya vigae. Sasa ile baraza inatazama wapi? Inatazama ubavu wa basi bovu. Akikaa asubuhi kunywa chai anatazama kutu. Wakwe zake wakaja kutoka mjini, mmoja akauliza kwa upole tu, "Hapo jirani ni gereji?" Ndugu zangu, mwalimu aliona haya mpaka chai ikamshinda.

Akamwendea mzee. "Ndugu yangu, haya magari utayaondoa lini?"

Mzee akajibu, "Mwalimu, trekta na pikapu hata kesho, kama yanakukera. Basi ndilo nakuomba. Nivumilie miezi mitatu."

"Basi ndilo linaloniudhi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Angetaka kujua sababu angeuliza, na pengine yangeishia pale pale uzioni. Nani kati yetu huuliza? Tukishakasirika tunataka barua. Mwalimu akaingia ndani, akaandika kwa mtendaji wa kijiji, ukurasa mzima, mwandiko wa kupendeza. Akataja nyoka, akataja mbu, akataja watoto kukatwa na mabati. Tena akaongeza kwamba asubuhi huona moshi ukitoka dirishani mwa basi, kwa hiyo humo kuna mtu, na mtu anayejificha huwa ana jambo. Mwisho akaandika: "Naomba mabaki hayo yaondolewe pamoja na vyote vilivyomo." Akapiga mstari chini ya maneno "vyote vilivyomo." Nyie mnawajua walimu.

Mtendaji alikuwa dada kijana, hana hata mwaka kijijini. Akaja na kopo la rangi nyekundu, akapiga X kwenye trekta, akapiga X kwenye pikapu, akapiga X kubwa ubavuni mwa basi, upande ule ule unaotazama baraza ya mwalimu. Siku kumi na nne. Mzee akaomba asikilizwe kwenye mkutano wa kijiji, akakubaliwa.

Siku ya mkutano watu walijaa. Mtendaji akamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Barua inasema kuna mtu ndani ya basi. Ni kweli?"

"Marahaba, binti yangu. Ni kweli. Yupo mgeni wangu, anaumwa kifua. Zahanati wamempa dawa, wakasema alale peke yake, penye hewa. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na wajukuu wamejaa. Basi lina madirisha pande zote. Moshi anaouona mwalimu ni wa uji wake, namchemshia pale mlangoni. Amebakiza miezi mitatu amalize dawa. Nikiliondoa basi sasa, nampeleka wapi?"

Mtendaji akamwonea huruma, ilionekana. Akasema, "Lakini mgeni anaandikishwa kwa balozi wa nyumba kumi, mzee wangu. Anaitwa nani?"

Mzee akainamisha kichwa. "Jina nitakutajia wewe ofisini, tukiwa wawili. Hapa silitaji."

Hapo mwalimu akasimama. "Kwa nini wawili? Kama ni mtu wa heri, jina lake lina kosa gani? Alitaje hapa hapa, wote tusikie."

"Mwalimu, niache."

"Sikuachi. Taja."

"Nakuomba kama jirani yako. Usinilazimishe."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema mzee ameficha mwanamke. Mwingine akasema ni mhalifu huyo, mambo ya kifua ni geresha. Na yule mzee, ndugu zangu, mtu aliyewabeba wagonjwa wa kijiji kile bila kuuliza wa nani, akatazama viatu vyake mpaka kicheko kikaisha. Akasema, "Basi njooni mchukue." Akakaa.

Ningekuwepo pale ningecheka? Nimejiuliza. Nadhani ningecheka.

Siku ikafika. Asubuhi lori la wanunuzi wa chuma chakavu likasimama barabarani, na mitungi yao ya gesi ya kukatia. Mtendaji yupo, mgambo wawili wapo, kijiji kizima kipo. Mwalimu ametangulia mbele, kavaa koti, nakala ya barua mkononi. Mzee kasimama kwenye mlango wa basi. Akamwambia mwalimu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usiingie wewe. Mwache mtendaji aingie peke yake. Nakwambia kwa heri."

Mwalimu akampisha kwa bega, akapanda.

Watu nje wakasubiri. Walitegemea kelele, watoke wamemshika mtu shati. Mtendaji akapanda kumfuata. Na lile basi, kama alivyosema mzee, lina madirisha pande zote, kwa hiyo hakuna asiyeona. Kule nyuma kabisa, juu ya godoro, ameketi mtu mzima aliyekonda, shuka mabegani. Na mbele yake amesimama mwalimu. Paji lile lile la uso. Masikio yale yale ya kuchomoza. Ile namna ya kubana mdomo upande mmoja, ile ile. Ungesema mtu na kioo, ila mmoja ana koti na mwingine ana shuka.

Kaka yake. Wa tumbo moja, wamenyonya ziwa moja. Watu wote pale walikuwa wamesikia habari za huyo kaka kutoka kwa mwalimu mwenyewe: yuko machimboni, mambo yake safi, hana nafasi ya kuja. Kumbe alikuja. Miezi mitatu nyuma alishuka kwenye gari akikohoa, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Na siku hiyo hiyo mwalimu alikuwa anatarajia wajumbe wa posa ya binti yake. Akamzuia getini. Akamwambia, "Kaka, hapa si hospitali. Utaniharibia." Akamwonyesha njia ya stendi, akarudi ndani. Mzee dereva alikuwa amelala chini ya trekta anafungua nati, akasikia kila neno. Akatoka, akamkuta mgonjwa amekaa kando ya barabara, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Akamfungulia basi. Na mgonjwa akampa sharti moja tu: "Usimtaje mdogo wangu. Watu wanamheshimu."

Sasa mmeelewa kwa nini mzee alitazama viatu vyake?

Mtendaji akaangalia huyu, akaangalia yule. Akauliza taratibu, "Mwalimu, huyu unamfahamu?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na mlango. Angesema neno moja tu, "Kaka yangu," angelia, watu wangelia naye, yangeisha. Tungekuwa na mfano mzuri na tungekwenda zetu nyumbani tumefurahi. Lakini nje kuna madirisha, na kwenye madirisha kuna macho, na yeye ndiye aliyeleta watu wote wale.

Mwalimu akasema, "Simfahamu."

Na yule mgonjwa, wallahi hata mimi niliyeutunga mfano huu nashindwa kuusema, yule mgonjwa akavuta shuka, akamwambia mtendaji, "Ni kweli, mwanangu. Hatufahamiani. Mimi mpita njia tu."

Hakuna aliyecheka. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hawataki hata kusalimiana. Mtendaji akashuka, akawaambia wale wa lori wachukue siku nyingine. Mzee akakataa. "Hapana, binti yangu. Barua imeandikwa, mkutano umeamua, nisije nikakuponza na kazi yako. Nishikieni tu huku miguuni tumshushe." Mgambo mmoja akashika miguu. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili, mikono yake mizima, na hakushika kitu.

Wakalikata basi, na trekta na pikapu, wakapakia, wakaenda. Mwalimu alishinda kesi. Basi hakuna, kutu hakuna, uwanja mweupe.

Lakini mgonjwa ana dawa za kumaliza, na dawa zinataka hewa. Mzee akachimbia miti minne pale pale lilipokuwa basi, akaezeka nyasi, banda lisilo na kuta. Akamweka mgeni wake humo. Sasa kila asubuhi mwalimu akitoka na chai yake barazani, hakuna tena bati katikati. Anamwona kaka yake anakunywa uji. Kaka yake anamwona yeye. Wageni wakija wanatazama, wanamgeukia mwalimu, wanauliza, "Yule mnayefanana sana ni nani?"

Mnaona lile basi lilikuwa linafanya kazi gani? Mwalimu alidhani linamuaibisha. Kumbe lilikuwa linamsitiri. Mzee alikuwa amemwekea aibu yake ndani, kamfungia vizuri, na kila Ijumaa anaifutia kioo, hamwambii mtu. Na mwalimu akaenda mwenyewe mpaka serikalini, kwa barua, kwa muhuri, kuomba aibu yake itolewe nje mbele ya watu, pamoja na vyote vilivyomo.

Na sisi je? Tuna midomo mirefu juu ya jalala la jirani. Uchafu wa mwenzio unauona kwa mbali, unajua hata unanuka upande gani. Umewahi kujiuliza jirani yako anajua nini juu yako, na hajasema? Yule unayempeleka kwa mtendaji, yule uliyemleta kwangu wiki hii, huenda alikuwepo siku ile ulipomfukuza mama yako mkubwa. Alisikia kupitia uzio. Anakutana nawe kisimani, anakusalimia vizuri, na siri yako kaiweka kwake kama ya kwake. Wewe unamdai usafi.

Tunaogopa kuonekana na jirani mchafu. Hatuogopi kuwa na ndugu tuliyemficha. Kuna mtu yuko safuni hapa ana dada yake mjini haongei naye kwa sababu ya maradhi yake. Simjui, sijaambiwa. Nasema tu kwa sababu tuko wengi, na tukiwa wengi hivi lazima yupo.

Msidhani naongea nikiwa juu yenu kwa vile nimesimama. Mwaka jana, mwezi wa mavuno, aligonga mtu mlangoni kwangu. Alikuwa na mfuko wa plastiki na kandambili za rangi mbili. Sebuleni kwangu walikuwa wamekaa masheikh watatu kutoka wilayani, tunakula. Nikafungua, nikaongea naye kidogo, nikafunga. Mke wangu akaniuliza, "Nani huyo?" Nikamwambia, "Mtu tu, kapotea nyumba."

Alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote. Na alisikia, maana mlango wangu ni wa mbao nyepesi. Nilimsikia akimwambia mtu barabarani, kwa sauti, ili na mimi nisikie, "Samahani, nimekosea nyumba."

Muadhini, ngoja kidogo. Usiadhini kwanza. Aliye na mtu wake, atoke nje sasa hivi ampigie, tutamsubiri hata saa nzima. Nipisheni hapo njiani. Natoka mimi kwanza.